Sekunde Tatu za Simbu

Sogeeni karibu, wajukuu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina mtu wa kwetu Singida, yu hai na bado anakimbia, kwa hiyo nikitia chumvi mtaenda kumuuliza mwenyewe nami nibaki na aibu yangu. Anaitwa Alphonce Felix Simbu.

Shikeni kwanza namba mbili. Ya kwanza ni 2:09:51. Huo ni muda wa saa mbili, dakika tisa na sekunde 51, alioutumia Simbu kukimbia marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha jijini London, Agosti 2017. Namba ya pili ni 2:09:48. Huo ni muda wake kwenye mashindano hayohayo jijini Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Ukitoka Singida mjini kwa miguu kuelekea Manyoni, umbali huo utakukuta maeneo ya Ikungi, ukiwa unatafuta pa kukaa.

Pigeni hesabu. Baada ya miaka minane, tofauti ni sekunde tatu. Mtu ni yuleyule, mwendo karibu ni uleule, ila London alivishwa shaba na Tokyo alivishwa dhahabu, ya kwanza kwa Mtanzania yeyote tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1983. Hata Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, hakuwahi kuvaa dhahabu hiyo.

Sasa sekunde tatu zinawezaje kugeuza shaba kuwa dhahabu? Haziwezi. London, Mkenya Geoffrey Kirui alikuwa ameshamaliza na kuanza kupumua vizuri, zaidi ya dakika moja mbele, na Tamirat Tola wa Ethiopia alimpita Simbu kwa sekunde mbili. Tokyo, Kirui hakuwa mshindani wake. Waliokuwa ubavuni mwake ni watu wengine, joto lilikuwa jingine na mbio zilikwenda kwa namna nyingine.

Nawachosha na hesabu hizi kwa sababu najua mnayoambiwa. Yupo mhamasishaji kwenye simu zenu, kavaa suti, nyuma yake kuna gari la kuazima, anawaambia mfunge macho mjione mmeshashinda, na mtashinda. Simbu angeweza kuiona dhahabu usiku kucha kule London, na asubuhi Kirui angemwacha vilevile. Medali si mali ya anayeiota peke yake. Nusu yake iko kwenye miguu ya wenzake. Cha kwako ni njia: namna unavyojiandaa, unavyokaa kwenye kundi, na unachojiambia mwili unapoanza kukuomba ruhusa ya kusimama.

Tuiangalie hiyo njia ya Tokyo. Asubuhi ile kulikuwa na joto lenye unyevu. Hata kuanza kwenyewe kulikuwa na kisa, maana kuna aliyetoka kabla ya ishara na wote wakarudishwa, jambo ambalo kwenye marathoni hutokea kwa nadra sana. Fikirini umejiandaa kwa miezi, moyo umeshapanda, miguu imeshaondoka, halafu unaambiwa rudi nyuma, tuanze upya. Wakaondoka tena. Kundi likakaa pamoja muda mrefu. Baadhi ya watu waliokuwa na muda bora kuliko wa Simbu wakaachia njiani. Yeye alitulia ndani ya kundi, hakukurupuka.

Wakaingia uwanjani watatu wakifuatana: Amanal Petros, mzaliwa wa Eritrea anayekimbia kwa niaba ya Ujerumani, Iliass Aouani wa Italia, na huyu wa kwetu. Mita za mwisho kabisa, Petros yuko mbele. Simbu anamsogelea, anamfikia, wanavuka mstari karibu kifua kwa kifua, na Petros anaanguka chini. Saa ikawapa muda mmoja, 2:09:48 kwa kila mmoja. Ikabidi picha ya mstarini iamue, na picha ikasema wanatofautiana kwa sehemu tatu za mia moja ya sekunde. Simbu alieleza baadaye kwamba hakuwa na uhakika kama ameshinda, mpaka alipoona jina lake juu kwenye ubao wa matokeo.

Alieleza na jambo jingine, na hilo ndilo lililonifanya niwaite leo. Alisema aliikumbuka London. Tangu shaba ile alikuwa amejaribu tena na tena bila kurudi kwenye jukwaa la washindi wa dunia, na safari hii akajiambia kwamba lazima asukume.

Yapimeni maneno hayo. Hakujiita simba wala mfalme. Alijipa kazi. Mguu uliochoka unaweza kusukuma ukiambiwa usukume. Ukiuambia wewe ni mfalme, mguu haujui ufanye nini.

Na katikati ya London na Tokyo hakukuwa na usingizi. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, ambayo marathoni yake ilikimbiwa Sapporo mwaka 2021, alikuwa wa saba. Birmingham 2022, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, alipata fedha nyuma ya Mganda Victor Kiplangat. Olimpiki ya Paris 2024 alikuwa wa kumi na saba, na sijasikia ngoma ikipigwa kwa ajili ya wa kumi na saba. Kisha Aprili 2025, miezi mitano kabla ya siku yake, akawa wa pili Boston kwa 2:05:04, muda uleule aliopewa Mkenya CyBrian Kotut aliyekuwa wa tatu. Yaani kumaliza kilomita 42 ukigombea hatua moja na mtu aliye begani kwako, alikwishakuonja kabla hajafika Tokyo. Mtu akishapita mahali kwa mwili, akili hupata cha kuchora.

Na kuchora huko kichwani si uchawi, wala si kazi bure. Mwaka 1995 daktari Alvaro Pascual-Leone na wenzake kule Marekani walichapisha jaribio la kinanda. Waliwachukua watu wasiojua kukipiga, wakawafundisha mpangilio mfupi wa vidole vitano, saa mbili kila siku kwa siku tano. Kundi moja lilipiga kwa vidole. Kundi jingine lilikaa mbele ya kinanda vidole vikiwa vimetulia, likipiga kwa akili tu. Walipopima ubongo, waliona sehemu inayoongoza vidole imepanuka kwa makundi yote mawili. Lakini msikimbilie kushangilia. Kwa ustadi wenyewe, waliopiga kwa akili siku ya tano walikuwa wamefika pale wenzao walipokuwa siku ya tatu. Walipopewa saa mbili za kupiga kwa vidole, wakawafikia. Picha ya kichwani ililima shamba, ila mbegu iliota vidole vilipoguswa na kazi.

Je, picha yoyote inafaa? Hapa ndipo yule wa suti anapowapoteza. Mwaka 1999 Lien Pham na Shelley Taylor wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitoa matokeo ya jaribio kwa wanafunzi waliokuwa wanakaribia mtihani. Wengine waliambiwa kila siku wajione wamepata alama ya juu, wanavyofurahi, wanavyojisikia. Wengine waliambiwa wajione wakisoma: wamekaa wapi, wameshika nini, wanazima redio, wanakataa kwenda kucheza. Walioona kusoma walisoma zaidi na wakapata alama nzuri zaidi. Walioona alama walisoma saa chache. Furaha walikuwa wameshaila kabla ya kuipika.

Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia wa Kijerumani, amelifuatilia jambo hili miaka mingi. Mwaka 1991, yeye na Thomas Wadden walionesha kwamba, miongoni mwa wanawake waliokuwa wanajaribu kupunguza uzito, wale waliojichorea ndoto tamu kuliko wote ndio waliopungua kidogo. Maelezo yake ni kwamba mwili ukionjeshwa ushindi mapema, hulegea kana kwamba safari imeisha. Yeye hashauri watu waache kuota. Anashauri waote, kisha papo hapo waweke mbele ya ndoto kile kitakachowazuia.

Basi tufanye hivyo, sisi wa hapa. Tuseme uko kidato cha nne. Mtihani wa taifa ni Novemba, na hisabati inakupa homa. Picha mbovu ni ile ya jina lako ubaoni, na baba akichinja kuku wa kienyeji kwa furaha. Ni picha tamu, na kuku wa Singida anajulikana mpaka Dar es Salaam, sikatai. Itazame mara moja, uijue, uiache.

Picha ya kazi ni hii. Ni Jumatatu, saa moja na nusu jioni. Umetoka kuchota maji, bega bado linauma. Upepo wetu huu wa Singida unagonga bati. Taa ya sola ina chaji isiyofika saa mbili. Mdogo wako anataka kalamu, na kalamu ni moja. Unaona mkono wako ukifungua daftari kwenye milinganyo, si kwenye sura unayoipenda ambayo umeshaijua. Unafanya swali la kwanza, la pili. La tatu linakataa. Kaa hapo. Usiruke. Jione swali limekukatalia, uso umeanza kupata joto, na mkono unataka kufunga daftari. Jione ukirudi kwenye mfano wa mwalimu, ukisoma mstari mmoja mmoja, ukiandika kwenye karatasi ya pembeni mahali hasa ulipokwama, ili kesho umuulize. Hapo ndipo penye mbio zako, na ndipo wengi wanapoachia njiani.

Halafu mama anaita. Ataita tu, na hakuna anayewaambia mkatae kuitwa na mama. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionesha kwamba mtu anayepanga mapema kwa mtindo wa "ikitokea hivi, nitafanya vile" hutimiza anachokusudia zaidi ya yule anayekusudia tu kwa ujumla. Kwa hiyo panga: mama akiniita, nitaandika kwenye ukingo wa daftari namba ya swali nililofikia, niitike, niende, na nikirudi nianzie kwenye namba hiyo. Ni kitu kidogo mno, wala hakifai kupigwa picha ya kutuma kwa rafiki. Lakini usiku mwingi wa kusoma haupotezwi na mtu kuitwa. Unapotea pale anaporudi na kukaa anajiuliza aanzie wapi, mpaka taa inazimika.

Na aliye shambani vilevile. Kijana aliyekodi ekari ya alizeti akiona magunia tu, atakata tamaa Januari palizi ikimfika kiunoni. Aone jembe, aone matope, aone mvua inayokawia, aone na mnunuzi atakayekuja na bei ya dharau. Kisha aamue mapema kila kimoja atakijibu vipi.

Sasa tuje kwenye maneno. Kila mmoja wenu anajisemesha, hata anayejidai hafanyi hivyo. Ukikosa swali, kuna sauti inasema. Tatizo ni kwamba wengi mna sauti ya jirani mkorofi: mjinga wewe, siku zote uko hivyo, utaishia hivyo. Usingethubutu kumwambia rafiki yako maneno hayo, lakini wewe mwenyewe unajimwagia kutwa.

Wengine wamefundishwa dawa iliyo kinyume, kurudia mbele ya kioo kwamba wao ni bora, wao ni mabingwa. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake nchini Kanada walilipima hilo, wakakuta kwamba watu waliokuwa wanajidharau, wakirudia sentensi ya kujisifu, walijisikia vibaya zaidi. Sababu inaeleweka hata bila maabara. Ukisema "mimi ni bingwa wa hisabati" na jana umepata 18 kwa 100, moyo wako unakucheka, na kicheko cha moyo ni kibaya kuliko cha darasa zima. Sema neno ambalo moyo hauwezi kulibishia. "Milinganyo bado inanishinda, lakini jana nilifika hatua ya tatu, leo naijaribu ya nne." Hilo ni kweli. Kweli ndiyo yenye nguvu ya kukubeba.

Na maneno ya namna hiyo hufika mpaka kwenye misuli. Kundi la watafiti, miongoni mwao Samuele Marcora, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, liliwapandisha watu 24 kwenye baiskeli za mazoezi wazinyonge mpaka washindwe. Kisha kwa wiki mbili nusu yao wakafundishwa kuchagua maneno yao ya kujipa moyo na kuyatumia mazoezini. Waliporudi kwenye baiskeli, wenye maneno yao walidumu asilimia 18 zaidi, na wakasema kazi imekuwa nyepesi kidogo. Wenzao hawakuongeza kitu. Hiyo ilichapishwa 2014. Mnaona hapo: maneno yalichaguliwa na wenyewe, na yalifanyiwa mazoezi. Hayakuokotwa siku ya mashindano.

Hofu ikizidi, jiite kwa jina lako. Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan ameonesha kwamba mtu anayejisemesha kwa jina lake, kama anavyomsemesha mwingine, hutulia zaidi kuliko anayesema mimi, mimi. Fanyeni kimoyomoyo tu, msije mkaniletea maneno nyumbani.

Namwona mmoja hapo nyuma ameinua mkono. Anauliza: babu, kwani Petros hakujisemesha? Umeuliza vizuri kuliko yule wa suti. Hakuna mtu anayefika mita ya mwisho ya marathoni bila kujisemesha. Petros naye alikuwa na njia yake, miaka yake na maneno yake, na yalimfikisha kwenye fedha ya dunia kwa muda uleule wa Simbu. Maneno hayakumnyang'anya mtu medali. Yaliwafikisha wote wawili mahali ambapo medali inaweza kuamuliwa kwa sehemu tatu za mia moja. Asiyefika pale hana cha kuamuliwa.

Na ikiwa picha yote imevunjika? Hilo pia lina mtu wake, na si wa mbali. Ni wa kwa jirani zetu wa kaskazini, Mbulu. John Stephen Akhwari alikimbia marathoni ya Olimpiki jijini Mexico mwaka 1968. Njiani akaanguka, goti likaumia vibaya. Mamo Wolde wa Ethiopia alimaliza wa kwanza kwa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani kukiwa na giza, mguu umefungwa bendeji, kwa 3:25:27, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana kwamba nchi yake haikumtuma kule kuanza mbio tu, ilimtuma kuzimaliza. Medali aliyoiota, kama aliiota, ilikuwa imekufa zaidi ya saa moja kabla. Lililobaki ni agizo fupi ambalo hata mguu mbovu ulilielewa.

Watu wengi wanaisimulia habari hiyo na kuiishia hapo, uwanja wenye giza na bendeji, kana kwamba Akhwari alizaliwa ili achechemee. Mimi sipendi wanavyoikata. Miaka miwili baadaye, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh mwaka 1970, alikimbia marathoni tena, akawa wa tano.

Haya, inukeni, maji hayajachotwa. Na wewe uliyeuliza habari za Petros, kesho njoo na daftari lako nione umeandika nini kwenye ukingo.